Spika za milango ya gari dogo: somo nililolipata kwa hasara ya nyanya za mwenzangu

Leo naweka pembeni mbolea na viuatilifu, nazungumzia kubadilisha spika za milango ya gari dogo. Najua kuna watakaosema bwana shamba sasa ameingia kwenye muziki. Hapana. Ninaandika kwa sababu spika mbovu ilimuunguzia mkulima wangu robo eka ya nyanya, na kosa lilikuwa langu. Pia najua wengi wenu mna vigari vya kubebea mizigo ya dukani, na wengine mnatangaza bidhaa kwa gari siku za gulio. Yaliyonikuta yanaweza kuwakuta.

Nafanya kazi upande wa Kilolo, mkoani Iringa, karibu na Ilula. Anayepita barabara ya Morogoro kwenda Iringa anaijua Ilula kwa nyanya zake. Usafiri wangu ni kigari cha cc 1000 kilichotumika Japani kabla ya kufika kwetu. Kilipofika kilikuwa na redio ya kwao. Redio nyingi za magari ya Japani hushika FM kuanzia 76 hadi 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko kati ya 88 na 108, kwa hiyo kitu cha kwanza kubadilisha kilikuwa redio. Nikaweka yenye tundu la flashi. Spika sikuzigusa. Zilikuwa zile zile za kiwandani, moja kila mlango wa mbele.

Redio ile ya flashi ndiyo iliyonipa wazo. Siku ya gulio watu ni wengi na mimi ni mmoja. Nikaanza kurekodi maelezo kwa simu: namna ya kuandaa kitalu, dalili za kantangaze, vipimo vya busta. Nayahamishia kwenye flashi, naegesha gari chini ya mti, nafungua milango yote miwili ya mbele, maelezo yanazunguka huku mimi najibu swali la mtu mmoja mmoja. Akina mama wenye mizigo hawawezi kusimama kwenye mkutano wa saa nzima, lakini dakika tano karibu na gari wanaziweza. Mambo yalikwenda vizuri karibu mwaka mzima.

Spika zikaanza kuchoka

Spika ya kiwandani ya gari dogo mara nyingi ni koni ya karatasi, yenye ukingo wa sponji au kitambaa unaoiruhusu koni kwenda mbele na kurudi nyuma. Nyuma yake kuna koili ndogo inayocheza ndani ya sumaku. Karatasi hunyonya unyevu, sponji hukauka na kukatika kwa jua na miaka, na vumbi la barabara zetu huingia kwenye nafasi ya koili na kukwaruza. Spika hainyamazi siku moja. Inaanza kwa mkwaruzo mdogo, wewe unaongeza sauti ili kuushinda, na kadiri unavyoongeza ndivyo inavyozidi kuchanika.

Zangu zilifikia hapo. Nikaenda mjini nikanunua spika mpya kwa kutazama boksi. Lilikuwa na picha ya moto na maandishi makubwa: wati 400. Bei ilikuwa shilingi 35,000 kwa jozi. Nikampata fundi wa kando ya barabara, akamaliza kazi kwa nusu saa. Alikata plagi za kiwandani, akasokota nyaya kwa vidole na kuzifunga tepu. Karatasi ya nailoni iliyobandikwa ndani ya mlango aliinyofoa akaitupa, akisema haina kazi. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nakunywa chai. Sikuuliza hata swali moja.

Wiki ya kwanza sauti ilikuwa kubwa, watu wakanisifia. Mvua za mwanzo zilipopita, mkwaruzo ukarudi. Besi ilikuwa inavuma, maneno yanajificha ndani yake kama mtu anayeongea huku amejaza chakula mdomoni. Niliendelea kuitumia. Nilijiambia kwamba watu wanasikia, si ni kubwa?

Vitatu au vitano

Kuna mama mmoja, mjane, analima nyanya robo eka kwa mkopo wa kikundi cha kuweka na kukopa. Siku moja asubuhi alinipigia. Baada ya kamwene na habari za nyumbani akasema, "Bwana shamba, njoo uone nyanya zangu, zimebabuka."

Nilikuta kingo za majani zimekauka rangi ya kahawia shamba zima, yale machanga yamejikunja, na maua mengi yako chini. Sikuona ukungu wala wadudu. Nikamwomba chupa ya busta aliyopulizia. Ilikuwa ile ile niliyoielezea kwenye gulio. Nikamuuliza aliweka kiasi gani kwenye bomba la lita 20.

"Vifuniko vitano," akasema. "Si ndivyo ulivyosema mwenyewe kwenye gari?"

Mimi nilisema vitatu. Nilikuwa na uhakika. Nimkiri mbele yenu kwamba jibu la kwanza lililonijia mdomoni lilikuwa, "Mama, ulisikia vibaya." Namshukuru Mungu sikulitamka. Nikamwambia nitarudi.

Nilikwenda kwenye gari, nikacheza rekodi kwa simu: vitatu, wazi kabisa. Nikaichomeka flashi kwenye redio, nikafungua milango, nikasimama hatua kama kumi na tano. Nikasikia "vifuniko vita", kisha mvumo. Nikarudia mara tatu. Mimi niliyerekodi kwa kinywa changu nilishindwa kutofautisha.

Tazameni maneno yenyewe. Tatu na tano yanaanza sawa na yana urefu sawa. Tofauti yake ni kipande kidogo cha mwisho, "tu" na "no". Vokali hubebwa zaidi na sauti za chini, lakini herufi kama t, s, k na f hubebwa na sauti nyembamba za juu. Koni iliyochanika au koili inayokwaruza huziua hizo kwanza. Kinachobaki ni mvumo, na masikio ya mtu yanajaza pengo kwa kukisia. Mama yule alikisia vitano, kwa sababu mkulima mwenye hamu ya mavuno akisikia namba mbili ataiamini kubwa.

Nilirudi nikamwambia ukweli: kosa ni la gari langu, na gari ni langu. Tulimwagilia maji safi vizuri siku zilizofuata na tukaacha kupulizia kitu chochote. Majani mapya yalitoka salama, lakini maua ya kwanza hayakurudi, na nyanya za mwanzo ndizo alizokuwa anazitegemea kwa marejesho ya mkopo. Nilimpa fedha ya chupa mpya akaipokea. Nilipotaka kulipia na vibarua wa palizi alikataa. Akasema, "Mwanangu, wewe katengeneze hiyo redio yako kabla hujamwunguza mwingine."

Basi nikaenda kutengeneza, safari hii kwa mikono yangu mwenyewe na kwa kuuliza.

Kununua: usisome wati, soma mambo haya

Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi mara nyingi ni za kilele, yaani kile ambacho spika inadaiwa kustahimili kwa kitambo kifupi sana. Redio ya kawaida ya gari inayotumia volti 12 hutoa takriban wati 15 hadi 20 za kweli kwa kila spika, hata kama imeandikwa 50. Kwa hiyo spika ya wati 400 haikusaidii. Ni sawa na kununua mbegu kwa picha ya mfuko bila kusoma asilimia ya uotaji.

Tafuta namba ndogo nyuma ya boksi. Ya kwanza ni RMS, wati inazostahimili muda wote. Ya pili ni unyeti, unaoandikwa kwa desibeli, dB. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza nguvu ya redio mara mbili. Spika yenye 92 itasikika kwa robo tu ya nguvu inayohitajiwa na yenye 86. Kwa redio ndogo kama zetu, hii ndiyo namba ya kuangalia. Ya tatu ni omu. Magari mengi madogo hutumia omu 4. Ukiweka spika ya omu 2 kwenye redio ambayo haikutengenezwa kwa hiyo, redio itapata moto na inaweza kuungua.

Mwisho angalia kama ina twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba katikati ya koni. Kwa maneno ya watu, twita ina faida kuliko besi. Mimi nilichagua yenye koni ya plastiki, kwa sababu haihofii unyevu kama karatasi, na ukingo wa mpira. Nililipa shilingi 95,000. Jumlisha zile 35,000 za mwanzo na ufundi, utaona rahisi ilinigharimu nini, bila kuhesabu nyanya.

Kufunga: hatua kwa hatua

1. Pima kwanza, nunua baadaye. Fungua mlango mmoja, pima upana wa tundu na kina chake. Kina kipimwe kioo kikiwa kimeshushwa chote, maana kioo kinashukia nyuma ya spika. Spika yenye sumaku ndefu itagongana nacho. Milango mingi ya mbele huchukua inchi 6 na nusu, yaani kama sentimita 16, lakini mingine ni midogo zaidi.

2. Chomoa terminali hasi ya betri kabla ya kugusa waya wowote. Kama gari lina mifuko ya hewa, subiri dakika chache baada ya kuchomoa, na usiwashe swichi wakati plagi za mlangoni ziko nje.

3. Kava la ndani la mlango lina skrubu zilizofichwa, mara nyingi ndani ya kishikio na nyuma ya vifuniko vidogo vya plastiki. Zitoe zote kwanza. Kisha bandua kava kuanzia chini kwa kitu bapa cha mbao au plastiki. Usitumie bisibisi tupu, itakwaruza rangi na kuvunja vibanio. Weka skrubu kwenye kopo. Nunua vibanio vichache vya akiba, kwa sababu vya zamani hukatika.

4. Ile karatasi ya nailoni ina kazi kubwa. Maji ya mvua huingia mlangoni kupitia ukingo wa kioo, hushuka ndani na kutokea kwenye vitundu vya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasifike kwenye kava, kwenye spika na kwenye zulia. Ibandue taratibu wakati wa jua, gundi yake nyeusi ikiwa laini, nawe utaibandika tena. Mimi yangu ilishatupwa, nikakata mpya kutoka nailoni nzito ya kitalu. Ukiwa umefungua, zibua vitundu vya chini kwa kijiti. Vyangu vilikuwa vimejaa tope.

5. Spika nyingi za kiwandani zimepigwa riveti. Toboa vichwa vya riveti kwa drili, weka kitambaa chini kudaka vipande vya chuma, kisha paka rangi chuma kilichobaki wazi kisishike kutu.

6. Spika mpya ikiwa haikai sawasawa kwenye tundu, tengeneza ringi. Usitumie ubao wa kawaida au plaiwudi, hunyonya maji na kuvimba. Mimi nilikata ringi kutoka kibao cha plastiki cha kukatia mboga. Kati ya ringi na chuma weka ukanda wa sponji nyembamba ili pasibaki upenyo. Sauti ya nyuma ya koni ikipita kwenye upenyo na kukutana na ya mbele, zinauana, na zinazopotea kwanza ni sauti za chini. Kwa sababu hiyo hiyo hakikisha nailoni imebandikwa vizuri pande zote.

7. Angalia chanya na hasi. Kwenye spika nyingi kishikio kipana ni chanya. Kama waya hujui, gusisha betri ndogo ya volti 1.5 kwa sekunde moja: koni ikisukumwa nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ni chanya ya spika. Ukikosea upande mmoja, mlango mmoja unasukuma hewa wakati mwingine unavuta, na sauti katikati inakuwa nyembamba kama inatoka kwenye debe.

8. Usikate plagi ya kiwandani. Maduka ya vifaa vya redio za magari huuza vipande vya waya vyenye plagi inayoingiliana nayo. Kama imeshakatwa kama yangu, unganisha kwa risasi ya kulehemu na funika vizuri. Nyaya za kusokota mlango unazitikisa kila siku, zitalegea.

9. Weka kipande cha nailoni ngumu juu ya sumaku kama ukingo wa paa, maji yapite pembeni. Kisigusane na koni.

10. Kabla ya kurudisha kava, rudisha terminali ya betri, pandisha na shusha kioo mara kadhaa, kisha cheza sauti. Kioo kikigonga au sauti ikikwaruza, ni rahisi kurekebisha sasa kuliko baadaye. Kama ilibidi uchomeke plagi za mlangoni kwa jaribio hili, chomoa betri tena kabla ya kuzigusa.

Kazi ilinichukua Jumamosi nzima. Fundi angeimaliza mapema zaidi, na kumpa fundi si vibaya. Ila simama naye, mwambie nailoni irudi na plagi isikatwe. Kazi ya kwanza haikuharibiwa na fundi peke yake. Iliharibiwa pia na mteja aliyekaa anakunywa chai.

Jaribio la namba

Nilipomaliza sikupima kwa muziki. Muziki unaujua moyoni, masikio yanajaza yanayokosekana. Nilirekodi namba ishirini zilizochanganywa: tatu, sita, tano, saba, tano, nane. Nikampa kijana wa jirani daftari, akasimama hatua kumi na tano, akaandika alichosikia. Bahati nzuri nilikuwa nimefanya jaribio hilo hilo na spika mbovu kabla ya kuzitoa. Zile mbovu alipata 11 kati ya 20. Mpya alipata 19. Ile moja aliyokosa pikipiki ilikuwa inapita.

Nawashauri wote mnaotangaza kwa gari mfanye hivyo. Mfanyabiashara anayetangaza bei ya gunia, mteja akisikia elfu sita badala ya saba, ugomvi utakuwa mezani kwako. Kumbuka pia betri: ukicheza muda mrefu injini ikiwa imezimwa utaondoka kwa kusukumwa. Mimi kila baada ya nusu saa naliwasha gari kidogo.

Nilichobadilisha zaidi ya spika

Spika nzuri imepunguza makosa, haijayamaliza. Sasa namba yoyote kwenye rekodi naitaja mara mbili na kuihesabu: "vitatu, yaani kimoja, viwili, vitatu". Bango dogo la vipimo nalining'iniza kwenye mlango. Na nawaambia wote: maelezo ya kwenye lebo ya chupa ndiyo ya mwisho, si sauti ya bwana shamba. Lebo hutoa kipimo kwa mililita, na vifuniko vya chupa havilingani. Bora ununue kikombe cha kupimia.

Msimu uliofuata mama yule alikuja gulioni akakaa kwenye ndoo yake karibu kabisa na mlango wa gari. Alisikiliza maelezo yote ya kitalu bila kusema neno. Yalipofika kwenye vipimo aliinua vidole vitatu juu, akanitazama. Nikamwambia, "Ndiyo mama, vitatu." Akasema, "Nimesikia. Nilikuwa nakupima wewe."

Nawatakia kazi njema mashambani na madukani. Wiki ijayo tunarudi kwenye nyanya: namna ya kusoma lebo ya busta na kupima bila kukisia.